Yoga na Maji Makali: Yapi Kweli, Yapi Porojo

Mwaka 1948, baada ya Mahatma Gandhi kuuawa, sehemu ya majivu yake ilisafirishwa mpaka Jinja, Uganda, ikamwagwa pale Nile inapoagana na Ziwa Viktoria. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral, alifika hapohapo kuzindua sanamu ya Gandhi. Kwa hiyo Nile na Ganga, mto mtakatifu wa India, zilikwisha kuwa na undugu wao kabla hajatokea mtu wa kutuuzia safari za wikendi zenye ahadi tatu: asubuhi yoga ukingoni, mchana kushuka mto kwa boti ya mpira, jioni kutafakari kando ya moto.

Makao makuu ya biashara hiyo ni Rishikesh, mji wa jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, ambako Ganga inatoka milimani kuingia tambarare. Huku kwetu vipande vyake vyote vipo: mikondo mikali ya Nile pale Jinja, mikondo ya Mto Tana pale Sagana nchini Kenya, na walimu wa yoga kuanzia Nairobi hadi Lamu. Waliokwenda wanarudi na hadithi tamu. Wasiokwenda wana tamu zaidi. Baadhi ya hadithi hizo hazimdhuru mtu, nyingine zinaweza kumzamisha, na kwa kuwa zote husimuliwa kwa sauti ileile ya upole, inafaa tuzipitie moja moja.

“Huu ni utaratibu wa kale wa wayogi wa Himalaya.”

Si kweli. Boti ya mpira ya kushukia mto ni mtoto wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha, Marekani ilibaki na boti nyingi za kijeshi za kujazwa upepo, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na watu kama Georgie White wakazitumia kupitisha abiria katika Mto Colorado ndani ya Grand Canyon. Kwenye Ganga, mwaka 1977, Edmund Hillary, yuleyule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, aliukwea mto kwa boti za injini kutoka baharini kuelekea milimani, mpaka maporomoko yakamgomea. Wasafiri wa kushuka kwa makasia walianza kuwa wengi miaka iliyofuata. Hakuna mtawa wa karne ya tano aliyevaa helmeti.

Hata yoga yenyewe, kwa sura hii ya mkeka na mikao inayofuatana kwa jasho, si kongwe kama inavyonadiwa. Kama nidhamu ya akili ni ya kale sana. Lakini Yoga Sutra za Patanjali, kitabu kinachotajwa na kila mwalimu, zinazungumzia mkao wa mwili katika semi tatu hivi kati ya karibu 200. Hatha Yoga Pradipika, ya karne ya 15, inaeleza mikao 15 tu, mingi ikiwa ya kukaa chini. Yoga ya leo ya kusimama, kupinda na kuruka imetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha chini ya ufadhili wa mfalme wa Mysore miaka ya 1930, na wanafunzi wake B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois walioieneza duniani. Rishikesh nayo ilipata jina kwa hatua: Swami Sivananda, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa mtawa, alianzisha Divine Life Society hapo mwaka 1936, na Februari 1968 wanamuziki wa Beatles wakafika kwenye ashramu, yaani makao ya kiroho, ya mwalimu wa kutafakari Maharishi Mahesh Yogi. Baada ya hapo dunia nzima ikaijua njia ya kwenda huko.

Jambo kuwa jipya si aibu. Aibu ni kulivika ndevu za babu ili liuzike.

“Mto unatuliza akili.”

Nusu kweli, na nusu yenyewe si ile inayotangazwa.

Angalia kinachotokea mwilini boti inapoukaribia mkondo mkali. Kwanza unasikia ngurumo, huoni kitu. Kisha uso wa maji mbele yako unakatika, kama kwamba mto umeishia hapo. Kiongozi aliyekaa nyuma anapaza sauti, “Mbele! Mbele!” na makasia yote yanachota kwa pamoja. Adrenalini inamwagika, moyo unadunda, ini linaachia sukari kwenye damu, mboni za macho zinatanuka. Huo ni mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia. Anayeita hilo utulivu hajawahi kukaa kiti cha mbele.

Lakini akili nayo imefanya jambo la ajabu: imeacha kutangatanga. Kodi ya nyumba haipo, bosi hayupo, ujumbe ambao hujaujibu kwenye simu haupo. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyewachunguza wapanda miamba, wacheza chesi na madaktari wapasuaji miaka ya 1970, alieleza hali hii vizuri: kazi ikilingana na uwezo wako, isiwe rahisi ya kukuchosha wala ngumu ya kukuvunja, unazama ndani yake mpaka unajisahau.

Tatizo ni kwamba kujisahau si umakinifu unaouzwa na safari hizi. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 mafunzo ya umakinifu kwa wagonjwa katika chuo cha tiba cha Massachusetts, alikuwa akifundisha kinyume chake kidogo: uone kinachopita ndani yako, maumivu, hofu, wazo la kijinga, bila kukikumbatia wala kukifukuza. Ndani ya wimbi lenye urefu wa mtu mzima huna nafasi ya kuona kitu kinapita. Una nafasi ya kuchota maji na kuomba Mungu.

Nafasi inakuja baadaye, na hapa ndipo Nile ya Jinja inapokuwa mwalimu hodari kuliko anayelipwa. Mto ule umejengwa kwa ngazi: mkondo mkali, kisha bwawa pana la maji yaliyolala, kisha mkondo mwingine. Ukishatoka kwenye povu unaingia kwenye ukimya wa dakika nyingi. Mikono bado inatetemeka. Pumzi uliyokuwa umeibana bila kujua inafunguka. Moyo unashuka, na unausikia ukishuka. Jua linapasha ngozi iliyolowa, ngurumo inabaki nyuma yako, mnandi anakausha mabawa juu ya mwamba. Katika darasa la mjini mwalimu hutumia nusu saa kukusihi uitafute pumzi yako. Hapa pumzi imekuja yenyewe na inapiga hodi.

Kwa maoni yangu dakika hizo ndizo bidhaa halisi ya safari nzima, na ndizo zinazotupwa ovyo kuliko zote. Watu huzitumia kurushiana maji, kukagua picha, kubishana nani alipiga kelele zaidi. Sina ugomvi na furaha. Wengine wamekuja kwa ajili ya furaha na wana haki yao. Lakini kama umelipia safari ya umakinifu, mwombe kiongozi jambo moja tu: baada ya kila mkondo, watu wakishahesabiwa na kuonekana wazima, makasia yawekwe mapajani na midomo ifungwe mpaka ngurumo inayofuata isikike. Haiongezi gharama hata senti.

“Maji yakizidi ukali, akili nayo inazama zaidi.”

Si kweli. Mikondo hupimwa kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea tu. La tatu lina mawimbi yasiyo na mpangilio na linahitaji boti igeuzwe kwa ustadi. La tano ni kwa wenye uzoefu mkubwa. La sita kwa kawaida halipitishwi abiria. Maporomoko ya Itanda, kwenye Nile, yana sehemu ambayo wenyeji wa mto wameipachika jina la Mahali Pabaya, na safari za kawaida huinua boti na kuizunguka kwa miguu.

Hofu ikipita kiasi, akili haizami, inaganda. Mtu aliyeganda hasikii amri, halali chini anapoambiwa, na kwa saa nzima inayofuata hana cha kutafakari isipokuwa namna ya kurudi nyumbani. Anayeanza, daraja la pili na la tatu linamtosha kabisa. Kipande cha Ganga kutoka Shivpuri kushuka Rishikesh, kilometa 16 hivi, kiko humo. Ukuta, mkondo wa daraja la nne ulio juu zaidi, karibu na Kaudiyala, waachie waliokwisha kupinduka mara kadhaa wakacheka.

“Ukijua mazoezi ya pumzi ya yoga, utakaa chini ya maji muda mrefu bila shida.”

Si kweli, na kati ya porojo zote hii ndiyo yenye kaburi ndani yake.

Yoga ina mazoezi ya kupumua kwa kasi na nguvu: kapalabhati, ambapo tumbo husukuma hewa nje kwa vishindo, na bhastrika, ambapo unavuta na kutoa kama mvukuto wa mhunzi. Ukiyafanya kwa dakika mbili tatu unajisikia mwepesi, vidole vinawashawasha, na unaweza kubana pumzi muda mrefu kuliko kawaida. Watu hudhani wamejaza oksijeni. Hawakujaza. Damu ya mtu mzima mwenye afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Kupumua haraka hakuongezi kitu cha maana. Kinachobadilika ni hewa ukaa, ambayo umeitoa kwa wingi.

Na hewa ukaa ndiyo kengele. Ile hamu isiyovumilika ya kuvuta pumzi haisababishwi na upungufu wa oksijeni, bali na kupanda kwa hewa ukaa kwenye damu. Ukiipunguza kwa makusudi kabla ya kuingia majini, umekata waya wa kengele. Oksijeni inaendelea kuisha, kengele hailii, na mtu anazimia bila hata kuhangaika. Akishazimia anavuta pumzi, na kinachoingia ni maji. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo kwenye mabwawa safi yenye kina cha kiunoni, wenzao wakidhani wanafanya mazoezi. Juu ya hayo, hewa ukaa ikishuka mishipa ya damu ya ubongo hujibana, ndiyo maana unasikia kizunguzungu. Na kizunguzungu si kitu cha kupanda nacho kwenye boti.

Kwa hiyo mwalimu anayewaamsha wanafunzi kwa kapalabhati alfajiri, saa tatu kabla ya mto, hana kosa. Anayewapigisha ukingoni huku jaketi ziko mwilini na boti inasubiri, mkimbie.

Ipo lakini pumzi inayofaa, na ni kinyume cha ile: pumzi ya polepole, ya kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Kupumua mara sita hivi kwa dakika huamsha upande wa mfumo wa neva unaopoza moyo. Ganga inatoka kwenye barafu ya Himalaya, na ukiangukia ndani yake mwezi wa Januari mwili hutweta wenyewe bila ruhusa yako kwa dakika moja au mbili. Aliyezoea kutoa pumzi taratibu huivuka dakika hiyo kwa wepesi zaidi. Majini penyewe kanuni ni fupi: vuta hewa unapokuwa kwenye bonde kati ya wimbi na wimbi, funga mdomo unapopanda kilele, kwa sababu kilele ndicho kinachovunjikia usoni. Na jaketi litakuinua. Kwa kawaida unakaa chini sekunde chache tu, ingawa utakuja kuapa kwamba ilikuwa nusu saa.

“Ukipinduka, simama imara kama ulivyofundishwa kwenye mkeka.”

Hasha. Mwalimu wa yoga anakuambia uoteshe miguu ardhini kama mti. Mto unasema usithubutu. Ukisimama kwenye maji yanayokimbia, hata ya kufika magotini, mguu unaweza kunasa kati ya mawe, mkondo ukakusukuma mgongoni, uso ukaenda chini na usiweze kuinuka. Wanaojua mto huliogopa hilo kuliko wimbi lolote.

Mkao wa mto ni wa chali: miguu mbele ikielekea mto unakokwenda, vidole vya miguu nje ya maji, makalio juu, mikono ikikusaidia kuongoza. Wanayoga watautambua kwa mbali, maana unakaribiana na ule wa kumalizia darasa, mkao wa maiti. Tofauti ni kwamba huku macho yawe wazi, na jina hilo lisitajwe mbele ya abiria.

“Lazima ujue kuogelea.”

Si lazima kwa mikondo midogo, kwa sababu jaketi lililokazwa vizuri linaelea na mtu asiyejua kuogelea sawasawa na anayejua. Wengi wetu tuliokulia bara hatukufundishwa kuogelea, na hilo lisimzuie mtu. Ila mwambie kiongozi ukweli mapema, mbele ya wenzako hata kama unaona haya, ili akukalishe karibu naye. Tena kazeni mikanda. Jaketi linalopanda hadi masikioni ukivutwa mabegani halijavaliwa.

“Jinyooshe sana kabla ya kupanda boti.”

Si kweli. Kuvuta msuli na kuushikilia zaidi ya dakika moja, mara tu kabla ya kazi ya nguvu, hupunguza kidogo nguvu ya msuli huo kwa muda. Asubuhi ya mto fanya miondoko: zungusha mabega, geuza kiwiliwili kushoto na kulia, chuchumaa na kuinuka, mpaka damu ichemke. Ile mikao mirefu ya kukaa dakika tatu tatu ihifadhi kwa jioni, nyonga na mgongo vikiwa vimechoka kukaa ukingoni mwa boti.

Wenye viungo laini sana, wale wanaosifiwa darasani kwa kujikunja, nawaonya juu ya bega. Boti ikiruka na mkono umeshika kamba juu ya kichwa, bega huteguka kwa urahisi. Viwiko vikae chini na karibu na mbavu. Na kishikio cha kasia, ile herufi T ya juu, kisiachwe hata sekunde. Kikiachwa kinakwenda moja kwa moja kwenye meno ya jirani.

“Maji yanayokimbia hayana kichocho.”

Nusu kweli, na ni nusu inayowaponza watu wa yoga kuliko watu wa boti. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hawapendi maji ya kasi. Wanapenda yaliyotulia, yenye majani na jua. Katikati ya mkondo hatari ni ndogo. Lakini fikiria mahali pazuri pa kutandika mkeka alfajiri: ghuba ndogo iliyotulia, matete, maji mepesi ya kuchezesha miguu baada ya darasa. Hapo ndipo konokono anapokaa. Vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Uganda ina kichocho kando ya Ziwa Viktoria na Nile, hilo halina ubishi. Ukishatoka huko, subiri wiki 6 hadi 8, kapime, na daktari akikuandikia prazikwanteli uinywe. Kuinywa siku ileile ya safari hakusaidii sana kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, si michanga.

“Yoga ni ibada ya Kihindu, Mwislamu au Mkristo asiiguse.”

Hili sitalitolea hukumu ya kweli au si kweli. Si kazi ya mwandishi wa gazeti kutoa fatwa. Naweza kusema waliosema nini. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mikao na maneno ya ibada na shabaha za kiroho. Novemba 2017 Wizara ya Biashara ya Saudi Arabia ikaruhusu yoga ifundishwe kama shughuli ya michezo. Lamu, mji wa maulidi, una tamasha la yoga. Waumini wa dini moja wamefika mahali tofauti.

Kinachosaidia ni kutofautisha mahali na mahali. Rishikesh ni mji wa hija. Ganga yenyewe ni mungu wa kike kwa Wahindu, na kila machweo pale ashramu ya Parmarth Niketan watu huimba na kuizungushia taa. Hiyo ni ibada, na itakuwa ukosefu wa adabu kujifanya ni burudani iliyoandaliwa kwa ajili yako. Ukialikwa kukaa, kaa kwa heshima au ujiondoe kwa heshima. Madarasa mengi ya huku kwetu hayana hayo, mengine yana wimbo mfupi mwanzoni. Muulize mwalimu kabla: kutakuwa na nyimbo za ibada? Mwalimu mwaminifu hatakasirika.

Wala tusidhani utakatifu wa mto ni jambo la Wahindi peke yao. Maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, yalikuwa kwa Wasoga makao ya mzimu mkubwa, Budhagaali, mwenye kuhani wake. Serikali ilipotaka kujenga bwawa la umeme hapo, ukazuka mzozo wa miaka: je, mizimu inaweza kufanyiwa tambiko ikahamishwa kama kijiji? Bwawa lilikamilika mwaka 2012, megawati 250, na maporomoko yakazama. Boti za watalii zilikuwa zikianzia hapo. Nani alimwuliza kuhani kuhusu umakinifu, sijui, lakini alikuwa ameketi kando ya maji yale kwa ajili hiyo muda mrefu kabla ya mkeka wa kwanza wa plastiki kufika Busoga.

“Huu ni utalii mpole, mto haudhuriki.”

Si kweli. Mwezi Desemba 2015 mahakama ya mazingira ya India ilisimamisha kambi za watalii kwenye fukwe za Ganga kati ya Kaudiyala na Rishikesh mpaka kanuni ziwekwe. Mahema, vyoo na taka vilikuwa vimefika majini. Juni 2018 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ikasimamisha na safari za boti zenyewe mpaka serikali itunge sera. Hao walikuwa watu wa kutafakari na kunywa chai ya tangawizi, si wachimba madini.

Kwa haki, mabwawa yameibadilisha Nile kuliko mikeka yote ya dunia. Baada ya Bujagali likaja Isimba, mwaka 2019, megawati 183, na mikondo mingine ikafunikwa. Taa zinawaka Kampala kwa sababu hiyo, na sina ujasiri wa kumwambia mama mwenye mashine ya kusaga kwamba mkondo wa kuchezea boti una thamani kuliko umeme wake. Ila mikondo iliyobaki, Itanda na Kalagala, iko ndani ya eneo ambalo Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kulihifadhi. Ahadi hiyo tuikumbushe.

“Siku mbili za yoga na boti zinatibu msongo na sonona.”

Zinasaidia baadhi ya watu. Kutibu ni neno jingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Craig Anderson, Maria Monroy na Dacher Keltner, walichapisha matokeo ya kuwapeleka mtoni kwa boti askari wastaafu 72 na vijana 52 wa mitaa yenye dhiki. Wiki moja baadaye wengi walisema hawana msongo kama walivyokuwa nao kabla, na kilichoelekea kuleta nafuu zaidi ni ule mshangao mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Ni habari njema, lakini ni wiki moja, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lililobaki nyumbani. Kuhusu kutafakari kwenyewe, mapitio ya majaribio 47 yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014, yenye washiriki 3,515, yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi na sonona, na hayakukuta kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya mwili.

Kwa hiyo mtu anayekunywa dawa za sonona asiziache hotelini kwa sababu mto umemfurahisha. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito wazungumze na daktari kabla, na wakikatazwa boti, mkeka wa ukingoni bado ni wao. Na kwa aliyewahi kunusurika kuzama, au aliyepoteza mtu majini, na hao kwenye Ziwa Viktoria si wachache, amri ya “achia tu, uamini mto” ni ukatili. Aanze na kukaa ukingoni.

“Mambo haya ni ya wageni wenye pesa.”

Kwa upande wa bei, mara nyingi ni kweli, na haipendezi. Kwa upande wa ujuzi, si kweli hata kidogo. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafunza ualimu vijana wengi wa mitaa ya mabanda. Na kwenye Nile na Tana wanaousoma mto vizuri ni vijana waliozaliwa kando yake. Ukitaka mtu wa kukuelekeza namna ya kuwa makini, mtazame kiongozi wa boti sekunde kumi kabla ya mkondo: hazungumzi, hapepesi, anayaangalia maji.

“Ukiwa na kiongozi mzuri unaweza kwenda wakati wowote wa mwaka.”

Si kweli. Tana inategemea mvua za Mlima Kenya na Aberdare. Wakati wa masika, Aprili na Mei, mkondo uliokuwa daraja la tatu wiki iliyopita unaweza kuwa kitu kingine kabisa leo. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Kina cha maji kikipita wapi mnaahirisha safari? Nani atakuwa kwenye kayaki ya uokoaji pembeni ya boti yetu? Hospitali iliyo karibu ni ipi, na gari la kunifikisha liko wapi? Anayefanya kazi hii kwa uaminifu hujibu yote bila kufikiri. Rishikesh hufunga mto kwa watalii Julai na Agosti, masika ya India yanapoujaza. Atakayekuuzia safari ya Ganga mwezi wa Agosti, mrudishie karatasi yake.